Kutoka Bloomsbury hadi Liverpool: Kuwafuata Waayalandi wa Uingereza

Alhamisi, London

Safari nimeianzia Bloomsbury, mtaa wa vyuo na maktaba ulio jirani na Jumba la Makumbusho la Uingereza, kwa sababu ya tafrija iliyofanyika hapa tarehe 30 Oktoba 1897. Usiku huo, katika ukumbi uliojulikana kama Bloomsbury Hall, tawi la London la Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kuhuisha lugha ya Kiayalandi iliyoasisiwa Dublin mwaka 1893, liliwakusanya wahamiaji kwa nyimbo, ngoma na mazungumzo, na tafrija hiyo ikaitwa céilí. Leo céilí huchezwa katika kumbi za Galway, Kerry na Donegal huko Ayalandi, na mgeni anayeitazama huamini kwamba ameona kitu kilichotoka kijijini moja kwa moja. Ukweli ni kwamba céilí ya namna hii, yenye ukumbi wa kukodi, mialiko na ratiba, ilizaliwa ugenini, na walioizaa walikuwa watu waliovuka bahari kutafuta kazi. Fionán Mac Coluim, aliyekuwa mstari wa mbele katika tawi hilo, alikuwa karani katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia mambo ya India, na wazo lenyewe lilitokana na mikusanyiko ya Waskoti wa London ambayo yeye na wenzake walikuwa wameihudhuria.

Usiku ule wa kwanza wachezaji hawakuwa na hazina kubwa ya ngoma za kwao. Walicheza hata waltz, dansi ya kumbi za Ulaya, ila kwa lahani za Kiayalandi. Baadaye wakamwendea Patrick Reidy, mwalimu wa ngoma kutoka Castleisland katika Kerry aliyekuwa akiishi London, awafundishe, kisha wakasafiri hadi Kerry kwenyewe kujifunza zaidi. Ngoma walizozikusanya na kuzipanga zikasambaa, zikarudi Ayalandi, na huko zikazua ubishi mkali kuhusu ipi ni ngoma halisi ya taifa na ipi ni ya kuazima. Nimesimama barabarani nikiyatafakari hayo kwa muda mrefu, kwa kuwa yanapingana na jambo ambalo sisi Waswahili wa ughaibuni tumezoea kuliamini, kwamba mila iko nyumbani, na aliye mbali hana kazi nyingine ila kuilinda isipungue.

Sababu ya safari hii niiseme mapema. Ninaishi kusini mwa Uingereza, na nimo katika kamati ya jumuiya ndogo ya watu wanaozungumza Kiswahili, waliotoka Unguja, Mombasa, Tanga na Bujumbura. Watoto wetu wanakielewa Kiswahili, lakini ukiwasemesha hujibu kwa Kiingereza, na kila Idi na kila mwaka mpya tunakaa tukilalamika na kutawanyika bila uamuzi. Waayalandi walitutangulia katika nchi hii kwa zaidi ya karne moja na nusu, na vitukuu vyao bado wanapiga fidla. Nilitaka kujua wamefanyaje.

Mchana nilitembea hadi stesheni ya Euston. Treni zilizowapokea abiria wa meli za Ayalandi katika bandari ya Holyhead, huko Wales, ziliishia hapa, na kati ya mwaka 1951 na 1961 zaidi ya watu 400,000 waliihama Ayalandi, wengi wao wakija Uingereza kujenga barabara, kuuguza wagonjwa hospitalini na kufanya kazi viwandani. Vijana walishuka Euston wakiwa na sanduku moja na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwaka 1954 mapadri wa Kiayalandi walianzisha kituo katika Camden Square, mwendo mfupi kutoka stesheni, ili wawapokee na kuwatafutia malazi na kazi. Hicho ndicho kinachoitwa London Irish Centre hadi leo, na ndiko nilikoalikwa kula chakula cha mchana pamoja na wazee.

Mezani nilikaa na mzee mmoja wa Mayo, magharibi mwa Ayalandi, aliyekuwa fundi wa mifereji ya maji machafu, na bibi aliyekuwa muuguzi. Niliwauliza ni lini walianza kuhangaikia mila. Walinieleza kwa utulivu kwamba hawakuanza na mila. Walianza na kitanda, kazi, na mtu wa kumwandikia mama barua kwa niaba ya yule asiyejua kuandika vizuri. Muziki ulikuja kwa sababu watu walikuwa tayari wamekusanyika. Nadhani kamati yetu imelianza jambo hili kinyume, kwa kudai utamaduni kwa watu ambao bado hawana sababu nyingine ya kukutana.

Kuhusu muziki, kuna jambo ambalo mtaa wa Camden Town una haki ya kujivunia. Vijijini Ayalandi, fidla na filimbi zilipigwa hasa jikoni, kwenye nyumba za majirani, na kwenye ngoma za njia panda. Mhamiaji wa London alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, mara nyingi akikigawana na wenzake, na mwenye nyumba asiyetaka kelele. Muziki ukakosa jiko, ukahamia baa. Kikao cha muziki cha baa, ambacho leo mtalii huonyeshwa mjini Dublin kama urithi wa tangu na tangu, kilishika mizizi katika baa za Camden Town na Kentish Town baada ya Vita Kuu ya Pili. Wapigaji wakubwa walipita humo, akiwemo mpiga fidla Bobby Casey wa Clare, aliyehamia London mwaka 1952 na ambaye upigaji wake bado unasikilizwa na wanafunzi kwa makini.

Jioni nilisikiliza kikao kimoja katika mtaa huo. Fidla mbili, kodiani, filimbi ya mbao, na bodhrán, ngoma ya duara iliyowambwa ngozi ya mbuzi na kupigwa kwa kijiti kifupi chenye vichwa viwili. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya noti. Mmoja huanza lahani, wengine huisikiliza duru ya kwanza kisha hujiunga, wakaizungusha mara tatu, na kwa kutazamana tu wakahamia lahani nyingine bila kusimama. Mtu wa Lamu au Mombasa aliyekulia kwenye chakacha hatapata shida kuukamata mdundo wa jig, ngoma ya haraka ya Kiayalandi; mguu wangu uliukamata kabla sijaamua.

Ijumaa, London

Siku fupi. Asubuhi nilikwenda Hammersmith, kwenye Irish Cultural Centre, kituo kilichofunguliwa mwaka 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 jengo hili lilitiwa kwenye orodha ya mali za kuuzwa, na waliolitumia wakaanzisha kampeni, wakachangisha fedha, wakalinunua. Sasa kuna madarasa ya lugha ya Kiayalandi, muziki, ngoma na fasihi. Nimeandika kwenye daftari langu kwamba walioliokoa walikuwa na kitu cha kuonyesha: ratiba ya wiki nzima iliyojaa watu. Ukumbi unaotumika mara mbili kwa mwaka hauna wa kuutetea.

Mchana niliwahi Ruislip, magharibi kabisa mwa jiji, kwenye uwanja wa McGovern Park wa chama cha michezo ya Kigaeli, yaani ya jadi ya Waayalandi, GAA, kilichoundwa mjini Thurles, Ayalandi, tarehe 1 Novemba 1884. Mvua iliwafukuza wachezaji kabla sijaona mengi, lakini mlinzi wa uwanja alinipa historia kwa fahari. Timu ya London ilikuwa bingwa wa Ayalandi nzima katika hurling, mchezo wa magongo na mpira mdogo, kwa mwaka 1901, na katika mpira wa Kigaeli inacheza hadi leo ndani ya mashindano ya jimbo la Connacht, kana kwamba ni wilaya ya huko. Mwaka 2013 ilifika fainali ya jimbo hilo dhidi ya Mayo. Mwenye kuishi ugenini hakuundiwa ligi ya pembeni ya kumfurahisha. Alipewa nafasi katika ngazi ile ile ya kwao, ashinde au ashindwe mbele ya watu wa kwao. Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo penye nguvu kubwa ya mfumo huu.

Jumamosi, Birmingham

Treni ya asubuhi kutoka Euston ilinifikisha stesheni ya New Street kabla ya darasa la saa tano. Mwenyeji wangu, mama aliyezaliwa hapa na wazazi wa Roscommon, alinipeleka kwenye ukumbi wa kanisa uliokodiwa kwa nusu siku, wenye viti vya plastiki na harufu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Nilikaa kwenye kona na wanaoanza, watoto wa miaka saba hadi tisa wenye filimbi za bati zenye matundu sita. Mwalimu alipiga kipande kifupi cha lahani, sauti nne tu, wao wakakirudia. Akakipiga tena, wakakirudia. Kisha akaongeza kipande cha pili, na baada ya nusu saa walikuwa na nusu ya lahani mdomoni na vidoleni, wala hakuna aliyekuwa ameona noti. Majina ya sauti yaliandikwa kwa herufi ubaoni mwisho wa somo, ili mzazi aweze kumsaidia mtoto nyumbani. Msichana mmoja alikuwa akiruka tundu la kidole cha pete kila mara. Mwalimu hakumsimamisha mbele ya wenzake, alimwekea kidole chake juu ya kidole cha mtoto na wakapiga pamoja hadi sauti ikatoka. Chumba cha pili kilikuwa na viatu vigumu vya ngoma vikigonga ubao kwa kasi ambayo hata mazungumzo yalikatika, wachezaji wakijiandaa na maandamano ya Machi ya Mtakatifu Patrick, mlinzi wa Ayalandi.

Watoto hawa wana jambo la kulilenga. Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama cha wanamuziki wa jadi kilichoanzishwa Mullingar mwaka 1951, huendesha mashindano yanayoitwa Fleadh, yakipanda kutoka eneo hadi jimbo na kuishia Fleadh Cheoil ya taifa kila Agosti. Uingereza inahesabiwa humo kwa hatua zake yenyewe za mchujo. Makundi ni kwa umri, kuanzia walio chini ya miaka 12, na kila ala ina shindano lake. Mtoto wa Birmingham anajua mwezi gani atasimama mbele ya majaji, atapiga lahani ngapi, na kwamba akifuzu atavuka bahari kushindana na mtoto wa Clare. Visiwani Zanzibar nasi tunaujua muziki unaolelewa na chama chenye wanachama na kamati, maana Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na bado ipo. Tunachokosa huku ni darasa la kila wiki na tarehe ya kuogopwa.

Alasiri mwenyeji wangu aliniongoza kurudi karibu na stesheni, kwenye miti mitatu ya chuma iliyochongwa majina 21. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yaliyotegwa katika baa mbili za katikati ya mji, yaliyohusishwa na IRA, kundi la Kiayalandi lililopigana na utawala wa Uingereza, yaliua watu 21, na chuki ikawageukia Waayalandi wote wa Birmingham. Wanaume sita waliozaliwa Ayalandi walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa ambalo hawakulitenda, wakaachiwa huru mwaka 1991. Maandamano ya Mtakatifu Patrick, yaliyokuwa yameanza hapa mwaka 1952, yalisitishwa, na hayakurudi barabarani hadi mwaka 1996. Kumbukumbu hii ya miti ilisimamishwa mwaka 2018, na waliolisukuma jambo hilo ni jumuiya ya Waayalandi wenyewe wa Birmingham, kwa heshima ya wote waliokufa.

Mama huyu alikuwa msichana wakati ule. Alinieleza kwamba baba yake aliwakataza kuzungumza kwa sauti ndani ya basi, kwa sababu ya lafudhi yake yeye baba, na kwamba fidla ilibebwa hadi darasani ikiwa ndani ya mfuko wa nguo. Nilimuuliza kwa nini waliendelea kuibeba. Alisema darasa halikufungwa, na kwa kuwa halikufungwa, kutokwenda kungehitaji maelezo. Kwa zaidi ya miaka 20 mji huu haukuwa na maandamano, bendera wala kofia za kijani, na bado muziki ukapita kutoka kizazi hadi kizazi kwenye vyumba vya nyuma. Hilo limenigusa kuliko yote niliyoyaona katika safari hii, kwani sisi tumezoea kupima uhai wa jumuiya yetu kwa ukubwa wa sherehe zake.

Jumapili, Liverpool

Niliwasili stesheni ya Lime Street adhuhuri na kupanda mlima hadi kanisa la Mtakatifu Luka, lililounguzwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941 na kuachwa bila paa. Katika bustani yake kuna kumbukumbu ya Njaa Kuu, iliyozinduliwa mwaka 1998. Ugonjwa wa viazi ulipoharibu chakula cha maskini wa Ayalandi kuanzia mwaka 1845, Liverpool ndiyo iliyokuwa bandari ya karibu. Mwaka 1847 pekee, karibu watu 300,000 walishuka hapa kutoka Ayalandi. Wengi waliendelea na safari ya Marekani, wengine walikosa nauli wakabaki, na maelfu walikufa kwa homa ya typhus na magonjwa mengine ya msongamano. Sensa ya mwaka 1851 ilikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano mjini humu amezaliwa Ayalandi. Nilisoma maandishi ya kumbukumbu hiyo, ambayo yamo katika Kiingereza na Kiayalandi, huku familia zikipita na vigari vya watoto.

Kutoka hapo nilikwenda Mount Pleasant kuitazama Wellington Rooms. Ni jengo la fahari la miaka ya 1815 na 1816, lililojengwa kwa ajili ya dansi za matajiri. Mwaka 1965 likawa kituo cha Waayalandi wa Liverpool, na kwa zaidi ya miaka 30 harusi, céilí na mazoezi vilifanyika chini ya dari zake za plasta, hadi kikafungwa mwaka 1997. Nilikuta milango imefungwa kwa mbao. Jengo la thamani kama hili linakula fedha za paa kabla hujamlipa mwalimu hata mmoja, na ninawaomba wale wa kamati yetu wanaoota kununua nyumba kubwa waje walione kwa macho yao.

Jumatatu, Liverpool

Kituo cha sasa kiko Boundary Lane, kaskazini mashariki ya katikati ya mji, nacho hakina fahari ya Wellington Rooms. Ni ukumbi, baa, na vyumba vya kutosha. Asubuhi nilizungumza na watu wawili waliokumbuka enzi za Liverpool Céilí Band. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1957, ikiwa na wapigaji ambao baadhi yao walizaliwa hapa hapa Liverpool. Katika Fleadh Cheoil ya wakati huo, shindano la bendi za céilí ndilo lililowakusanya watu wengi na kuwatia homa. Bendi ya Kilfenora ya Clare ilikuwa imelichukua mara tatu mfululizo, mwaka 1954, 1955 na 1956. Mwaka 1963, Mullingar, taji likaenda Liverpool, na mwaka uliofuata, Clones, likaenda Liverpool tena. Watu waliojifunza lahani za kijijini katika mji wa bandari, baadhi yao wakiwa na lafudhi ya Kiliverpool, waliwashinda wenye kijiji.

Wazee hao walisisitiza jambo ambalo wanahistoria hulipita haraka. Walikuwa wakifanya mazoezi kila wiki, baada ya kazi, na walipomaliza mazoezi waliwafundisha watoto. Wengi wa walimu wa Liverpool wa leo walifundishwa na watu wa bendi ile, au na wanafunzi wao. Anayetaka kufundisha rasmi huweza kusomea cheti cha ualimu cha Comhaltas, kinachotolewa Ayalandi kwa mtihani wa kupiga na wa kufundisha, lakini kabla ya hapo huwa ameshawekwa na mwalimu wake kuwasimamia wadogo wa filimbi za bati tangu akiwa na miaka 14 au 15. Hapo nilipata jibu la swali langu la mwalimu anatoka wapi, ambalo kwenye vikao vyetu huwa ndilo linalozima kila pendekezo.

Jioni nilihudhuria darasa lenyewe. Nusu ya watoto, kwa maelezo ya wazazi wao, hawana damu ya Kiayalandi. Waliletwa na rafiki wa shule wakabaki. Bibi mmoja mwenye wajukuu watatu chumbani alinieleza kwamba watoto wake mwenyewe aliwaleta kwa amri, ilhali wajukuu wanakuja kwa kuwa wenzao wapo. Mlangoni kulikuwa na meza, daftari la mahudhurio, na bati la biskuti la kuwekea ada. Mama aliyekaa hapo aliandika jina la kila mtoto, ala yake, na kama ana ala ya kuazima, kwa sababu chama hununua fidla ndogo na kuziazimisha kwa familia hadi mtoto akue, kisha hurudishwa kwa anayefuata.

Nilimwomba aniandikie ratiba yao ya mwaka. Aliichora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari: filimbi kwanza, kisha fidla na kodiani, kisha kundi la wakubwa linalojiandaa kwa shindano la bendi, Machi maandamano, kisha mchujo wa eneo, kisha wa jimbo. Nikamuuliza kama hufunga wakati wa likizo ya kiangazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu, akasema kiangazi ndipo kazi inapozidi, maana watakaofuzu watapanda meli Holyhead mwezi wa Agosti kwenda Fleadh, na mabasi lazima yakodiwe kabla ya Pasaka.